Kamera na Maarifa ya Mwanga: Kipi Kitangulie Shuleni?

Upigaji picha, ambao zamani ulikuwa kazi ya watu wachache wenye studio mjini, sasa umeingia karibu kila nyumba. Simu ya mkononi ina kamera, na picha zinahitajika kila siku magazetini, harusini, mikutanoni na hata katika maabara za shule. Jambo hili ni la kufurahisha. Lakini pamoja nalo limezuka wazo moja linalofaa kuchunguzwa kwa makini na walimu na wanafunzi wa sekondari, nalo ni kwamba picha nzuri hutokana na kamera ghali. Kijana anayetaka kujifunza huuliza kwanza bei ya kamera na idadi ya megapikseli zake. Klabu ya sayansi inayotaka kuanza kupiga picha huandika kwanza orodha ya vifaa: kamera, lenzi ndefu, flashi, stendi ya miguu mitatu. Orodha ikikataliwa kwa kukosa fedha, shughuli nzima huahirishwa. Ikikubaliwa, huenda vifaa vikaishia kufungiwa kabatini, kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuvitumia.

Utaratibu huo umewekwa kichwa chini, miguu juu. Kinachopaswa kutangulia ni maarifa ya mwanga, ambayo kwa sehemu kubwa yamo tayari katika somo la fizikia. Kamera yafaa ifuate baadaye, na iwe ile tu ambayo kazi yenyewe inaidai.

Wapo watakaojibu kwa methali kwamba mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inachukulia kwamba mwenye kisu anajua viungo vya mnyama viko wapi. Asiyejua, kisu kikali humsaidia kuharibu nyama na ngozi kwa haraka zaidi.

Kamera ni nini?

Ukiondoa vifungo, kioo cha kutazamia na jina la kiwanda, kamera ni sanduku lenye giza, lenye tundu upande mmoja na kipokezi cha mwanga upande wa pili. Kwa kuwa mwanga husafiri katika mstari mnyofu, ule utokao kileleni mwa mti hupita tunduni na kuangukia sehemu ya chini ya ukuta wa nyuma, na ule utokao shinani huangukia sehemu ya juu. Hivyo hupatikana taswira iliyopinduliwa. Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufanya kazi Kairo, alilichunguza jambo hili kwa majaribio yapata miaka elfu moja iliyopita, na akaandika juu ya umbo la mwanga wa jua lililopatwa unapopita katika tundu.

Mwanafunzi hahitaji kwenda mbali kuliona jambo hilo. Chini ya mwembe wakati wa mchana huonekana vidoa vya mwanga vya mviringo. Nafasi zilizo kati ya majani hazina umbo la mviringo. Mviringo ule ni taswira ya jua lenyewe. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki mfano wa pete, na watu wakakusanyika Rujewa katika Mkoa wa Mbeya kulishuhudia, kila tundu dogo lililopitisha mwanga mahali pale liliweza kuangusha chini taswira ya pete badala ya duara. Hiyo ndiyo kamera, nayo haikununuliwa.

Daguerre alipotangaza njia yake ya kupiga picha nchini Ufaransa mwaka 1839, taswira ilipokewa na bamba la shaba lililopakwa fedha. Baadaye ikapokewa na filamu. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani, aliunda kamera ya dijiti yenye pikseli 10,000 tu, iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Katika historia hiyo yote, kilichobadilika zaidi ni kipokezi. Sheria zinazouongoza mwanga ndani ya sanduku hazikubadilika, na anayezijua ataweza kuitumia kamera ya jana, ya leo na ya kesho.

Hesabu ya mwanga

Mpiga picha hutawala mambo matatu: ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao kilango kiitwacho shata huwa wazi, na wepesi wa kipokezi kuitikia mwanga, ambao hutajwa kwa namba ya ISO.

Ukubwa wa tundu hutajwa kwa namba ya f, inayopatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 50 na tundu la milimita 6.25 iko katika f/8. Tundu likipunguzwa hadi milimita 3.125, lenzi hiyo iko katika f/16. Kipenyo kimekuwa nusu, lakini eneo limekuwa robo, kwa hiyo mwanga unaoingia nao umekuwa robo. Hapo mwanafunzi ataelewa kwa nini namba hizo hufuatana 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila moja ni ile iliyotangulia mara 1.4 hivi, yaani kipeuo cha pili cha 2, na kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu.

Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni moja ya kukariri. Penye jua kali pasipo mawingu, lenzi huwekwa f/16, na muda wa shata huwa sekunde moja ikigawanywa kwa namba ya ISO. Kwa ISO 100 muda huo ni 1/100 ya sekunde, au 1/125 ambayo ilipatikana katika kamera nyingi. Kutoka hapo mtu aweza kwenda f/11 kwa 1/250, au f/8 kwa 1/500, na mwanga utakaoingia utakuwa kiasi kilekile. Hata hivyo picha hizo tatu hazifanani. Ile ya f/16 itaonyesha waziwazi kitu cha karibu na cha mbali kwa pamoja, na ile ya 1/500 itamsimamisha mkimbiaji hewani. Kuchagua kati ya hizo ndiyo kazi ya mpiga picha, na uamuzi huo hauuzwi dukani.

Chombo kisichojua kinachokitazama

Itasemwa kwamba kamera za siku hizi hufanya hesabu hiyo zenyewe. Ni kweli, na katika mazingira ya kawaida huifanya vizuri. Lakini kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinachotazamwa. Msingi wake ni dhana kwamba mahali popote, weupe na weusi vikichanganywa, hupatikana kijivu cha wastani. Wachukuliwe wanafunzi arobaini waliovaa mashati meupe, wakasimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kipima mwanga huona weupe mwingi na kupunguza mwanga. Mashati hutoka ya kijivu, na nyuso nyeusi hupoteza sura kabisa. Hapo aghalabu hulaumiwa kamera, na fedha huanza kutafutwa za kununua nyingine.

Dawa yake haina bei. Mwanga upimwe usoni mwa watu, au uongezwe hatua moja kuliko kamera inavyotaka. Lililo bora zaidi ni kuwaondoa watu katika jua la saa sita, linalotia macho kivuli, na kuwaweka barazani au chini ya mti, ambako mwanga ni laini na umeenea. Atakayefanya hivyo kwa simu ya bei nafuu atampita mwenye kamera ghali aliyebaki juani.

Jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi katika karne ya 20, maabara za kusafishia picha huko Marekani na kwingineko zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikawa ndiyo kipimo, na watu weusi wakatoka katika picha wasivyo. Simu za leo hutambua nyuso, na watengenezaji wamejitahidi kurekebisha kasoro hiyo kwa kiasi. Lakini funzo limebaki palepale: kila chombo kimebeba dhana za aliyekiunda. Mwenye maarifa huzitambua dhana hizo na kuzisahihisha. Asiye nayo huzitii bila kujua kwamba anatii.

Megapikseli ni ngapi zatosha?

Hakuna namba inayotajwa sana na wauzaji kuliko megapikseli, nayo yaweza kupimwa kwa hesabu ya kidato cha kwanza. Picha iliyochapwa vizuri huwa na nukta 12 hivi katika kila milimita. Picha ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji basi nukta 1,200 kwa 1,800, yaani pikseli 2,160,000. Ukurasa mzima wa A4, wenye milimita 210 kwa 297, huhitaji pikseli zipatazo milioni 9. Kamera ya megapikseli 12 yatosha kujaza ukurasa huo na kubakiza. Atakaye kuongeza uchambuzi huo maradufu, kwa urefu na kwa upana, hana budi kuzidisha pikseli mara nne, kutoka milioni 12 hadi milioni 48.

Hata hapo sheria za mwanga humsubiri. Mwanga unapopita katika tundu hutawanyika kidogo, hivi kwamba nukta haiwi nukta kamili bali kidoa. Kwa mwanga wa kijani, kipenyo cha kidoa hicho ni milimita 0.01 hivi katika f/8, na milimita 0.02 hivi katika f/16. Katika lenzi ya simu yenye f/1.8 ni milimita 0.0024 hivi. Simu zinazotangazwa kuwa na megapikseli 108 au 200 zina pikseli zenye upana usiofika milimita 0.001, kwa hiyo kidoa kimoja hufunika pikseli kadhaa. Ndiyo maana kwa kawaida simu hizo zenyewe huunganisha pikseli nne, tisa au zaidi kuwa moja. Mnunuzi aliyeifahamu sheria hii hatalipia namba ambayo mwanga wenyewe hauwezi kuitimiza.

Somo la Sobral

Katika historia ya sayansi kuna kisa kinachoonyesha uzito wa jambo hili. Tarehe 29 Mei 1919 wanasayansi wa Uingereza walipiga picha za nyota zilizo karibu na jua lililopatwa, ili kupima kama mwanga hupindwa na uzito wa jua kwa kiasi alichokisema Albert Einstein, yaani sekunde 1.75, ambapo sekunde moja ni 1/3600 ya digrii. Kundi moja, lenye Arthur Eddington, lilikwenda kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Guinea. La pili, lenye Andrew Crommelin na Charles Davidson, lilikwenda Sobral nchini Brazili.

Kundi la Sobral lilikuwa na darubini mbili. Ile kubwa ndiyo iliyotegemewa. Ile ndogo, yenye lenzi ya inchi 4, ilichukuliwa kama akiba. Mabamba yaliposafishwa ilionekana kwamba fokasi ya darubini kubwa ilikuwa imehama, nao wakalishuku joto la jua, na nyota zikatoka zimetawanyika. Mabamba yake yalitoa jibu la sekunde 0.93. Darubini ndogo ilitoa mabamba saba mazuri, na jibu la sekunde 1.98. Wataalamu wale hawakuukubali ukubwa wa chombo kuwa ndio ushahidi. Walichunguza umbo la kila nyota katika bamba, wakasubiri hadi Julai ili wazipige nyota zilezile huko Sobral pasipo jua, kisha wakayapa uzito zaidi mabamba ya chombo kidogo. Wanahistoria wamelijadili sana jambo hilo, lakini mabamba ya darubini kubwa yalipopimwa upya mwaka 1979 kwa mitambo ya kisasa, yalitoa jibu lililo karibu na lile la Einstein. Laiti wale watu wangeamini tu kwamba chombo kikubwa hakikosei, wangerudi nyumbani na jibu lisilo sahihi.

Afrika nayo ina mifano yake. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, akapiga picha uani kwa mwanga wa jua na kitambaa nyuma ya mteja. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, aghalabu alimpiga mteja picha moja tu, baada ya kumpanga na kuutazama mwanga ulivyomwangukia. Mwaka 1994 picha hizo zilionyeshwa Paris kama kazi za fundi mkubwa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu, alianza na Box Brownie kuukuu akiwa mwanafunzi Dar es Salaam. Kamera za aina hiyo hazikumpa mtu mengi ya kurekebisha. Mwenye nayo hakuwa na la kufanya ila kujifunza mahali pa kusimama, saa ya kupiga, na upande ambao jua liko.

Vifaa vina nafasi yake

Haifai kudhani kwamba vifaa havina maana. Ndege aliye mbali hapigiki vizuri bila lenzi ndefu. Nyota hazipigiki kwa mkono unaotikisika, na kipokezi kidogo kikikosa mwanga hutoa chengachenga ambazo kipokezi kikubwa kingezipunguza. Wala si haki kuzidharau programu za simu, ambazo hupiga picha nyingi kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja iliyo safi. Ila mwanafunzi wa sayansi akumbuke kwamba programu hizo hulainisha, hukoleza na wakati mwingine hukisia. Picha ya jani lenye ugonjwa iliyokolezwa rangi yaweza kupendeza machoni na kumdanganya mtaalamu wa mimea.

Kipimo cha haki cha kununua kipo. Mwanafunzi aombaye kifaa kipya aulizwe ni sheria gani ya mwanga inayomzuia kuifanya kazi yake kwa kifaa alicho nacho. Akiweza kujibu, kwamba tundu ni dogo, au fokasi ni fupi, au muda wa shata hautoshi, huyo anastahili kununuliwa. Akishindwa, anachohitaji ni somo, na somo hilo mwalimu wake wa fizikia anaweza kumpa wiki hiyohiyo.

La kufanya shuleni

Klabu ianze na sanduku la karatasi ngumu lenye kina cha sentimita 10. Upande mmoja ubandikwe kipande cha bati la kopo la soda kilichotobolewa kwa sindano, na upande wa pili karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta. Wanafunzi wajifunike kitambaa cheusi na kutazama nje penye jua. Tundu la milimita 3 litatoa taswira angavu yenye ukungu. La milimita 1 litatoa taswira kali zaidi, lakini hafifu. Kisha wafanye hesabu waone kwamba, kwa kina hicho, tundu likishuka chini ya milimita 0.4 hivi, ukali huanza kupungua tena kwa sababu ya kutawanyika kwa mwanga. Ni sheria ileile inayotawala simu ya megapikseli 200.

Pili, waupime upana wa jua. Ubao wenye tundu la milimita 1 uwekwe mita 2 kutoka karatasi nyeupe iliyo kivulini. Duara litakaloanguka juu ya karatasi litakuwa na upana wa milimita 18 au 19. Umbali wa jua, kilomita 150,000,000, ukizidishwa kwa uwiano huo hutoa kilomita 1,400,000 hivi, jibu linalokaribia sana lile la wanajimu. Watazame karatasi tu. Asiwepo hata mmoja atakayelitazama jua kupitia tundu, lenzi au kamera, maana jicho likiungua halirudi. Mazoezi hayo yatafaa pia tarehe 2 Agosti 2027, ambapo kupatwa kwa jua kutaonekana kwa sehemu katika baadhi ya nchi za Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo.

Tatu, simu moja iazimwe kwa kundi zima, na kila mwanafunzi aruhusiwe picha 12 tu. Kabla ya kila picha aandike daftarini mwanga unatoka wapi, umbali ni kiasi gani, na anatazamia kuona nini. Baadaye alinganishe aliyoyaandika na aliyoyapata. Picha za vielelezo vya biolojia au jiografia ziwe na rula pembeni, tarehe na mahali, na nakala ya asili ihifadhiwe bila kuguswa.

Shule itakayofuata njia hii itatumia fedha kidogo sana mwanzoni, na ikifika siku ya kununua kamera itajua inanunua nini na kwa sababu gani. Muhimu kuliko fedha ni fikra watakayoondoka nayo vijana. Akifundishwa kwamba uwezo huja na kifaa, kijana atabaki mteja wa kila kinachotolewa sokoni mwaka hata mwaka. Akifundishwa kwamba kifaa hutii sheria, na kwamba sheria hizo zinajifunzika kwa sanduku, sindano na jua la bure, ataweza siku moja kukihoji kifaa, kukitengeneza, na pengine kukiunda yeye mwenyewe.